Sauti Iliyoitika Garini

Thornton Heath, London
Jumanne, 16 Januari 2024

Mpendwa Mama Mkubwa Thérèse,

Nakusalimu katika jina la Bwana, na nakutakia mwaka mpya wa amani, ijapokuwa salamu zangu zimechelewa siku kumi na sita. Goti lako limepoa, au bado linakusumbua unapopanda kwenda shuleni? Mvua za Bukavu zimepungua? Wanafunzi wako wa darasa la nne wamerudi na adabu zao, au wameziacha nyumbani? Sisi huku tu wazima wa mwili. Baba anakohoa kidogo asubuhi, lakini anasema ni baridi tu ya ghala anakofanyia kazi.

Barua yangu ya mwezi wa kumi, uliyonirudishia pamoja na masahihisho ya kalamu nyekundu, niliipata. Makosa yalikuwa kumi na tisa. Nimeyaandika yote katika daftari, na mengine sitayarudia tena maishani. Safari hii nakuomba kitu kimoja: ukikuta kosa, lipite kwanza, usome mpaka mwisho. Jambo lenyewe ni zito kuliko sarufi.

Huku ni majira ya baridi kabisa. Jua linazama saa kumi za mchana kama mtu aliyechoka kazi. Nguo hazikauki, tunazitandaza juu ya hita mpaka sebule yote inanuka sabuni. Déo ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anapiga mluzi bila kutaka. Beatha anaimba kanisani, kwaya ya watoto, ingawa maneno anayabadilisha anavyopenda. Gloire amefikisha miaka minne, na ukimwuliza kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, lakini akiwa na njaa Kiswahili chote kinamrudia.

Barua hii nitampa Yaya Miradie, yule dada wa kanisani, ambaye anasafiri Alhamisi kupitia Kigali. Sikuweza kukuambia kwa simu. Unaijua simu ya kwetu: Mama anaiweka juu ya meza, sauti imefunguliwa, na kila mtu anasalimia. Jambo hili siwezi kulisema mbele ya kila mtu. Bado sijaweza kulisema hata mbele ya mmoja.

Najua Mama alikupigia wiki iliyopita. Najua alikuambia kwamba Jumamosi hii tutafanya matanga ya kaka yangu Gires, hapa na huko, na kwamba unyoe nywele. Nilikuwa jikoni, nikasikia ulivyonyamaza. Mama Mkubwa, nakuomba usinyoe kabla hujamaliza barua hii.

Tarehe 30 ya mwezi wa kumi na mbili tulisafiri kwenda Leeds, kwa Mjomba Magloire, kwa ajili ya ubatizo wa mapacha wake. Ni mwendo wa saa nne hivi kwa gari, lakini na watoto wadogo na barafu ni saa sita au saba. Tuliondoka alfajiri. Gari letu lina viti saba: Baba na Mama mbele, mimi na Déo katikati, Beatha na Gloire nyuma kabisa, pamoja na blanketi, masufuria ya Mama na mfuko mkubwa wa sombe ya huku, majani ya muhogo yaliyogandishwa, kwa sababu Mama haamini kwamba watu wa Leeds wanajua kuchagua sombe.

Wewe unajua desturi ya Mama kuliko mimi. Yeye hahesabu watoto. Shuleni walimu wanatugusa vichwa, moja, mbili, tatu, tunapopanda basi. Mama akiona hivyo anageuza uso. Watoto hawahesabiwi kama mbuzi, kifo kisije kikasikia idadi. Kwa hiyo kila tunapoingia garini anaita majina, mmoja mmoja, na kila mmoja anaitika "Niko." Haangalii nyuma. Anatazama mbele na kusikiliza.

"Armelle!"

"Niko."

"Déo!"

"Niko. Beatha ananikanyagia kiti!"

"Mwongo weye! Mama, ni yeye iko anasukuma!"

"Beatha!"

"Niko, lakini Déo ni mwongo."

"Gloire!"

"Niko!"

Baba hucheka kila mara. "Mama Gires, hii ni gari, haiko kambi ya jeshi." Mama humjibu, "Endesha, dereva. Kamanda ni miye."

Sasa nikuambie siri ya kwanza. Gloire hulala njiani. Akilala, Mama akiita jina lake na asiitike, Mama anashtuka, anafungua mkanda, anageuka kumgusa, na mtoto anaamka akilia kwa saa nzima. Kwa hiyo tangu mwaka jana nimekuwa nikimwitikia mimi. Ninabana sauti iwe ndogo, ninasema "Niko," na safari inaendelea kwa amani. Déo anajua. Tulikuwa tunacheka chini chini. Tuliona ni wema.

Baada ya mji wa Leicester ukungu ulishuka. Sijawahi kuona ukungu kama ule. Malori mbele yetu yalikuwa taa mbili nyekundu tu, halafu hata taa hazikuwapo. Tulisimama katika kituo kimoja cha kupumzikia, penye maduka na vyoo. Gloire alikuwa amelala chini ya blanketi. Mama akatangulia na Beatha chooni, mimi nikaenda na Déo kununua maji, Baba akabaki na gari.

Nyuma yetu Gloire aliamka. Baba akamvusha mpaka mlangoni pa jengo, akamwonyesha Mama aliyekuwa amepanga foleni, akamwambia, "Nenda kwa mama yako," kisha akarudi mbio kukwangua barafu kwenye kioo. Mama hakumwona. Mimi nilirudi nikakuta blanketi limeinuka vilevile kama nilivyoliacha. Lilikuwa limefunika mfuko wa sombe na koti la Baba.

Mama akaita majina. Alipofika kwa Gloire, nikaitika mimi.

Tukaondoka.

Tulikwenda maili kumi na moja, Mama Mkubwa. Nimeziangalia kwenye ramani mara nyingi, kana kwamba zitapungua. Ndipo Beatha akataka kumgawia Gloire biskuti. Akainua blanketi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, huku iko sombe tu."

Katika barabara ile huwezi kugeuza gari. Lazima uende mpaka njia ya kutokea, uzunguke, urudi upande wa pili, uzunguke tena. Baba alikuwa anasema "Yesu, Yesu" kila alipovuta pumzi. Mama hakulia wala hakupiga kelele. Aliinama akavua viatu, akaviweka kando, akakaa na soksi zake, mikono juu ya magoti. Baadaye nilielewa. Alikuwa anajiandaa kukimbia.

Tulimkuta. Alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango, pamoja na mama mmoja mfagiaji aliyemwona akiwa peke yake, na ameshika kikombe cha karatasi chenye maziwa ya moto. Walinzi waliandika majina yetu, wakamwuliza Baba maswali mengi, wakatuachia. Dakika arobaini na tano zilikuwa zimepita. Mama alimkumbatia Gloire. Alimnusa kichwa kama mtu anayehakikisha.

Tuliporudi garini, Mama hakuita majina.

Jioni ile huko Leeds, watu wakiwa wameketi na chakula mkononi, Baba alianza kusimulia na kujilaumu. Mama akamkatiza. Alisema, "Acha. Miye niliita, na mtu aliitika." Mjomba Magloire akasema pengine ni Beatha. Mama akatikisa kichwa. "Nilisikia vizuri. Sauti ya mtoto mwanaume, mdogo, kutoka nyuma. Batoto bangu nawajua. Ile ilikuwa ya Gires."

Sahani ilikuwa mkononi mwangu. Ningesema pale pale, ingekuwa aibu ya siku moja. Sikusema. Nilimwangalia Déo, Déo aliangalia miguu yake.

Halafu Mjomba akamwuliza Gloire, kwa utani, nani alikuwa anamlinda kituoni. Gloire akajibu kwamba kuna kijana mkubwa alimshika mkono asitoke nje kwenye magari, kisha akaondoka. Mfagiaji hakutuambia habari ya kijana yeyote. Hilo siwezi kulieleza. Labda alikuwa mtoto wa watu waliokuwa wakipita. Mimi ninaandika ninachokijua tu, na ninachokijua ni kwamba sauti ilikuwa yangu.

Tulipokuwa tunarudi London, Beatha alisogea mpaka ukutani mwa gari, akamsogeza na Gloire upande wa pili, akaacha nafasi katikati yao. Akavuta mkanda, akaufunga juu ya kiti kitupu. Nilimwuliza kwa nini. "Ya kaka," akasema. Nilisafiri saa tano na mkanda ule nyuma ya kichwa changu. Kila gari liliporuka kwenye shimo, niliusikia ukilia.

Mama Mkubwa, wewe ulikuwako mwaka ule, katika barabara ya kutoka Sake kwenda Minova. Mimi nilikuwa na miaka mitatu, mgongoni mwa Mama. Gires alikuwa na mitano na alikuwa anatembea. Mama alidhani yuko nawe, wewe ulidhani yuko na Mama, na watu walikuwa wengi kama mto. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Sijawahi kukuuliza zaidi na leo siulizi. Lakini nataka ujue kwamba najua nani alibebwa.

Miaka kumi na moja yote Mama amemtafuta. Ile ofisi inayotafuta jamaa waliopotezana vitani inamtumia karatasi kila mwezi wa kwanza: faili liendelee, au lifungwe? Kila mwaka anaandika liendelee, siku hiyohiyo, akiwa amesimama, hata koti la kazi hajalivua. Mwaka huu karatasi iko juu ya friji tangu tarehe tano. Mama anasema atatia sahihi baada ya matanga. Anasema hawezi kumtafuta barabarani mtu ambaye amekwisha kumwitikia.

Amewaambia watu wa kanisani wasimwite tena Mama Gires. Wamwite Mama Armelle. Jumamosi iliyopita mama mzee Damyanti, mwenye duka la chini, aliyezaliwa Kisumu na anayetutunzia pilipili, alimwita mara mbili, "Mama Gires! Mama Gires!" na Mama akapita na mifuko yake kama asiyesikia. Watu wakimwita kwa jina langu, mimi ninahisi nimevaa nguo za mtu ambaye bado anazihitaji.

Jambo baya kuliko yote ni kwamba Mama ana nafuu. Analala. Anakula. Juzi alikuwa anaimba huku anapiga pasi. Picha ya Gires, ile moja tu, iliyokatika sikio, ameipeleka ikuzwe kwa ajili ya Jumamosi. Mimi ndiye nisiyelala. Ninafikiri: pengine yuko mahali, ana miaka kumi na sita, na Jumamosi tutamzika kwa sababu mimi nilitaka Gloire asilie.

Kesho nitamwambia. Naandika hapa ili nisiweze kurudi nyuma. Wewe ulinifundisha kwamba neno likiandikwa kwa wino linakuwa shahidi.

Jumatano, 17 Januari

Mama Mkubwa, nimemwambia.

Nilirudi shuleni nikamkuta peke yake mezani, anachagua maharagwe. Siku za Jumatano anamaliza mapema kazi yake ya kumhudumia mzee mmoja. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mazuri, yenye mpangilio, kama insha. Yalipotea yote mlangoni.

"Mama, ni miye niliitika."

"Uliitika nini?"

"Siku ile ya Leeds. Uliita Gloire. Nilidhani analala. Nikaitika mahali pake."

Aliendelea kuchagua maharagwe. Aliondoa kijiwe, akakiweka pembeni, akaondoa kingine.

"Ulianza lini?"

"Mwaka jana. Kila akilala."

"Déo anajua?"

"Anajua. Lakini kosa si lake."

Akasogeza sinia. "Sema, basi."

"Niseme nini?"

"Ile neno. Sema sawa ulivyolisema."

Nilibana sauti. Haikutoka vizuri, kwa sababu nilikuwa nalia. Akangoja. Nikavuta pumzi, nikasema tena, "Niko." Mama alifumba macho. "Tena," akasema. Nikasema mara ya tatu, na nikasikia maji yakitembea ndani ya hita.

"Ndiyo ile," akasema Mama.

Nilidhani atanipiga, ingawa hajanipiga tangu tulipofika nchi hii. Afadhali angenipiga. Alinitazama, si kwa hasira, akasema polepole, "Armelle. Unajua nimelala usiku ngapi tangu siku ile? Nimelala yote. Nilikuwa najua mwanangu iko wapi. Iko na watu wetu, haiko na baridi, haiko na njaa. Sasa weye umemurudisha barabarani."

Nilisema, "Nisamehe, Mama." Akasema, "Kaa kwanza." Akaondoka na simu, akafunga mlango wa chumba. Ukuta wetu ni mwembamba. Nilimsikia anaongea na mchungaji. Alisema, "Hapana, hakuna matanga. Hapana, Papa Mchungaji, hakuna aliyefufuka. Hakuna aliyekufa." Kisha nikamsikia anapenga kamasi na kulia, kwa namna ambayo sijaisikia tangu nilipokuwa mdogo, na nilijua kwamba kilio hicho nimekirudisha mimi pia. Nilimalizia maharagwe. Sikujua kitu kingine cha kufanya.

Baba aliporudi aliingia chumbani kwa Mama, wakaongea. Baba alitoka, akaniwekea mkono kichwani, akaenda kuwaogesha wadogo. Lakini Déo aliitwa, na Déo amefutiwa michezo yote ya simu mpaka Pasaka. Anasema ni dhuluma kwa sababu yeye hakuitika, alicheka tu.

Baada ya chakula Mama alichukua ile karatasi juu ya friji, akaketi karibu nami. Aliniambia, "Andikia Thérèse asinyoe. Na mwambie asinikasirikie kwa simu ile." Basi nimekuandikia. Anaomba pia umwandikie kila unachokikumbuka cha siku ile: shati alilovaa Gires, mliachana wapi na nani alikuwa karibu. Anasema hajawahi kukuuliza, kwa sababu aliogopa utadhani anakulaumu. Hakulaumu. Amesema niiandike hivyo, na niipigie mstari: hakulaumu.

Karatasi ina sehemu ya kueleza mtu anayetafutwa. Miaka yote Mama alikuwa anaandika: mtoto wa miaka mitano, kovu kwenye paji la uso, mfupi. Safari hii alisita na kalamu hewani. Akaniuliza kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hajawahi kununua: "Mwanaume wa miaka kumi na sita, anakuwa murefu namna gani?"

Nilisema katika shule yetu wako wa kila namna. Hakuridhika. Basi nikasimama ukutani, karibu na mlango, nikaweka kiganja changu hewani, juu kidogo ya kichwa changu, nikasema labda hapa.

Mama aliangalia kiganja changu kwa muda mrefu, kana kwamba mtu ameingia nyumbani na yeye hajajua bado amkaribishe vipi.

"Baba yake ni murefu," akasema. "Panda kidogo."

Nikapandisha mkono. Akaniambia nipandishe tena. Nilisimama juu ya vidole vya miguu, nikanyoosha mkono mpaka bega likaniuma, na Mama akainua uso kutazama pale juu, mahali ambapo macho ya Gires yangekuwa. Halafu akaandika.

Nisalimie Koko, bibi yetu, na Dada Gloriose na mtoto wake mchanga, na Mzee Zihindula jirani yako, na watoto wote wa darasa la nne hata wale wasio na adabu. Baba, Déo, Beatha na Gloire wanakusalimu. Mama anakusalimu yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, si kwa kukadiria kwangu. Mungu alinde nyumba yako, na kila mtu aliye njiani usiku huu amwonyeshe mlango.

Ni mimi, mtoto wa mdogo wako, ninayekupenda na kungoja kalamu yako nyekundu,

Armelle